Spika ya Kiboko Chini ya Mgunga

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mahema na likizo, na wengine hawana hata chembe ya aibu, Kiboko na rafiki yake Fisi walikuwa wakienda kupiga kambi kila kiangazi. Na walipiga wapi? Mlangoni kwa watu! Mbele kabisa ya mwamba wa Mama Pimbi.

Pimbi mnamjua? Kanyama kadogo, kanene, hakana mkia, kanaishi kwenye mawe. Msicheke, nyinyi wenyewe si warefu. Adui yake ni Tai. Watoto wa Pimbi wakicheza juani, mama yao hukaa juu ya jiwe akitazama mbingu. Akiona kivuli tu, hupiga ukelele: "Kwiiik!" Na watoto wote wawili, vup! ndani ya ufa.

Kiangazi kimoja Fisi alikuja na redio. Mama Pimbi akamwona Tai, akapiga ukelele, "Kwiiik! Kwiiik!" Redio nayo, bam-bam-bam! Mwanawe mkubwa, Kombo, hakusikia kitu. Tai akashuka, akambeba, akaenda zake.

Mama Pimbi alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akawaendea wale wawili. "Jamani, kelele zenu zimeniulia mwanangu. Punguzeni."

Kiboko alikuwa anatafuna tikiti. Hata kichwa hakugeuza. "Kama hupendi muziki, ziba masikio."

Fisi akacheka, na Fisi anavyocheka mnajua. Mama Pimbi akarudi nyumbani na neno hilo moyoni.

Kiangazi kingine kikafika. Mama Pimbi amebaki na mtoto mmoja tu, Tunu. Siku moja akasikia kwamba Kiboko na Fisi wako dukani kwa Kasuku, wanachagua spika ya kwenda nayo kambini. Spika! Akamficha Tunu ndani ya ufa, akatoka mbio.

Alipofika, Kasuku alikuwa ameshika spika ndogo ya kuning'iniza begani. "Kwa kambi chukueni hii," alisema. "Nyepesi, haiogopi maji, chaji inakaa kutwa nzima. Mtu aliyekaa karibu nawe anasikia vizuri kabisa."

"Aliyekaa karibu?" Kiboko akavimba mashavu. "Na wa mbali atajuaje kwamba niko likizo?"

"Shikamoo, Mzee Kiboko," Mama Pimbi akasema kutoka mlangoni.

"Marahaba. Umekuja kulia tena?"

"La, nimekuja kuwashauri. Chukueni hiyo hiyo ndogo. Ile pale," akaonyesha spika moja pembeni, kubwa kama kabati, "ile ni nzito, itawashinda."

"Itamshinda nani?"

"Halafu ina besi nyingi mno."

"Besi nyingi mno!" Fisi akapiga makofi. "Kasuku, tufungie hiyo!"

Kasuku ni mfanyabiashara. Ile ndogo akairusha nyuma ya kaunta. "Besi! Besi! Hiyo ndiyo ya kambi!"

"Basi walau iwekeni juu ya jiwe," Mama Pimbi akasihi. "Msiiweke chini ya ule mgunga wa kambini kwenu. Udongo wa pale ni laini, besi itazama mpaka iwafikie wenyewe."

"Wenyewe gani?"

"Wenyewe wa pale."

"Wenyewe wa pale ni sisi!" Kiboko akanguruma mpaka rafu za duka zikatikisika.

Mama Pimbi akainamisha kichwa, akatoka. Mnaona? Hakusema uongo hata neno moja. Alijua tu kwamba wale ukiwaambia kulia, wanakwenda kushoto.

Na ile spika kubwa ikabebwa. Nani aliibeba? Fisi, tena mgongoni, hee! hee! hee! mlima mzima, huku Kiboko akimhimiza kwa nyuma. Mnamwona Fisi alivyobonyea nyuma mpaka leo? Sasa mnajua.

Walipofika waliitua wapi? Chini ya mgunga! Wakailaza kifudifudi kwenye udongo laini, ili besi ikamate. Sasa sogeeni niwanong'oneze: chini ya mgunga ule, siafu nao walikuwa wamepiga kambi, ukoo mzima, wamelala. Mama Pimbi aliwaona wakiingia.

Duum! Duum! Duum!

"Ongeza!" akapiga kelele Kiboko.

"Imefika mwisho!"

"Ipige teke, labda bado kuna kidogo!"

Duuum! Siafu wakaamka. Wewe ukiamshwa hivyo utatoka unatabasamu? Wakatoka weusi, wengi, meno mbele.

Wa kwanza kuruka alikuwa Fisi. Akaruka huku, akaruka kule, akajipiga mkiani.

"Ehee! Leo unacheza kweli!" Kiboko akamsifu.

"Sichezi! Yalaa! Naumwa!"

"Sikusikii! Endelea hivyo hivyo!"

Ngozi ya Kiboko ni nene, siafu hawakuhangaika nayo. Waliingia puani. Waliingia masikioni. Waliingia hata katikati ya vidole. "Uwiii! Mama weee!" Hema likaanguka, sufuria zikaruka, na muziki haukupungua hata kidogo.

Wakamwona Mama Pimbi juu ya mwamba, ametulia.

"Mama Pimbi! Majivu! Tumwagie majivu!"

Mama Pimbi akaweka mkono sikioni. "Eti nini?"

"Majivuuu!"

"Siwasikii, wazee wangu! Muziki umezidi!"

"Tunakufaaa!"

"Kama mnaumia," akajibu, na hapo sauti yake ilitetemeka, maana alimkumbuka Kombo, "zibeni masikio!"

Kiboko akakimbilia mtoni, chubwi! Fisi sijui alikimbilia wapi, ila vumbi lake lilionekana mbali. Kasuku alipomuuliza Fisi baadaye spika ilikuwaje, Fisi alijibu akijikuna, "Nzuri sana. Ile besi, we acha!" Lakini mwambani hawakurudi tena.

Siafu walipohama, Mama Pimbi akashuka na Tunu. Spika ilikuwa bado inapiga. Akapunguza sauti, akapunguza, akapunguza, mpaka ungeweza kusikia hata bawa likipita angani.

Tunu akatega sikio, macho yakamtoka. "Mama! Kumbe wimbo wenyewe una maneno!"

Basi, wanangu, ukipiga kelele mpaka mwana wa jirani asimsikie mama yake, usishangae siku jirani asipokusikia wewe.