Uzi wa Nyuma wa Mwanasesere

Jambo moja sijalielewa mpaka leo: kwa nini Mbaruku alimwonyesha tajiri Shamte mwanasesere wake mpya kabla ya watu wote, ilhali alijua Shamte ni mwizi. Mbaruku aliishi kwa kubuni wanasesere wa mbao na kuwauzia maseremala ruhusa ya kuwaiga.

Wiki haikuisha, Shamte akamshitaki barazani. Mwanasesere akaletwa kama ushahidi, akavutwa uzi wa mbele, akapunga mkono.

"Huyu anauza nilichobuni mimi. Asishike tena patasi mji huu."

Liwali alikuwa akisinzia kitini, kilemba kimemshukia jicho la kushoto. Akagutuka. "Mbaruku, wasemaje?"

"Bwana Liwali, aape tu kwamba kila kiungo amekibuni yeye, nami nitamkabidhi patasi zangu."

"Naapa!" alisema Shamte. "Tangu kilemba hadi kidole cha mguu."

"Hata uso?"

"Uso hasa! Uso ndio ulionitoa jasho, bwana wee."

"Basi tuvutie uzi wa nyuma. Wa mbele tumeuona."

Shamte hakujua kwamba kuna uzi wa nyuma, lakini mbunifu angeulizaje? Akauvuta. Mwanasesere akaketi, kichwa kikalala kifuani, kilemba kikamshukia jicho la kushoto, mdomo ukaachama kama wa mtu anayekoroma. Baraza zima likaangua kicheko, isipokuwa Liwali.

Ikaamuliwa kwamba aliyembuni mwanasesere yule afagie uwanja wa baraza mwezi mzima, mchana, watu wakitazama. Shamte alifagia. Mpini wa ufagio alichongewa na Mbaruku.