Kibomba cha Baadaye

Tulieni kidogo, wapendwa, na nyie wa nyuma pia. Alikuwepo binti mmoja akisomea shahada ya uzamili, usanifu wa mitambo inayotengeneza vitu kwa vijidudu hai. Chuo chao hakikuridhika na michoro ya kupendeza. Kila mwanafunzi alipelekwa kiwandani asanifu mtambo, ujengwe, ufanye kazi. Mtambo ukigoma, shahada hakuna.

Huyu alipewa mtambo wa mtindi. Akachora, mafundi wakaunganisha, tangi likang'aa mpaka unajiona uso. Mtindi wa kwanza ukatoka mchungu, unanuka. Wa pili vilevile.

Binti akakosa raha. Kukaa hakai, kula hali. Akabadilisha chachu. Akamlaumu mleta maziwa. Akawagombeza waosha mitambo, watu wazima wenye watoto wao, nao wakaapa kwamba kila asubuhi wanaosha kwa maji ya moto na dawa. Mwishowe meneja akamwita.

"Dada, mtindi wa kesho ukiharibika, naung'oa mtambo wako. Sina ugomvi na wewe, ila wateja wananikimbia."

Mwalimu wake akaja siku hiyohiyo, mama mpole wa sauti, mkali wa macho. Akaukagua mtambo bomba kwa bomba, binti na meneja wako nyuma, binti anajieleza bila kuulizwa. Mama akasimama. Ubavuni mwa bomba kubwa kilitokeza kibomba kirefu kama mkono, mwisho wake umezibwa kwa mfuniko wa chuma.

"Hiki cha nini, mwanangu?"

"Hicho ni cha baadaye, Mwalimu. Kiwanda kikikua, tutaunga tangi la pili hapo."

"Na maji ya kuoshea yanaingia humo?"

Binti akafuatisha njia ya maji kwa kidole. Maji yalikuwa yanapita jirani kila siku na kwenda zake. Akaufungua mfuniko. Harufu iliyotoka humo, hata meneja alirudi nyuma! Maziwa ya siku ya kwanza kabisa yalikuwa yamekaa mle, yameoza, na kila mtindi mpya ulipita hapo ukachukua uozo wake.

"Kikate," mwalimu akasema.

"Na kiwanda kikikua je?"

"Kitakua kwa mtindi huu?"

Mnacheka. Sisi je? Jumapili tunaoshwa, kwaya inaimba, machozi yanatutoka. Jumatatu tunanuka tena, tunamlaumu mke, tunamlaumu bosi, tunamlaumu mchungaji. Kumbe kuna mahali tumepaziba wenyewe, tukapaita baadaye. Nitamsamehe ndugu yangu baadaye. Nitaachana na yule mtu baadaye. Neema inapita jirani, wapendwa, inapita jirani tu! Inaniuma kusema hivi, lakini mmoja wenu amekaa hapa na dada yake wa tumbo moja yuko benchi la pili, na hawajasalimiana tangu msiba wa mama yao.

Ibada ikiisha, usije kunishika mkono pale mlangoni uniambie mahubiri yalikuwa mazuri. Nenda benchi la pili.