Kapu Jepesi Mlimani

Nyinyi wa kule nyuma, wekeni simu mapajani mnisikilize. Sina maneno mengi.

Kulikuwa na ajuza mmoja, kichwa kigumu kama jiwe la kusagia. Binti yake aliolewa ng'ambo ya milima, na kipupwe kilipoingia alitaka mbegu za viazi apande bondeni. Wana wa kiume wakamwambia, "Mama, safari hizo sasa basi. Magoti yamekwisha."

Akawajibu, "Kapu hili nikilifikisha, habari ya magoti sitaki kuisikia tena. Likinishinda, nitakaa uani nilinde kuku."

Wakatoka alfajiri, yeye na rafiki yake wa tangu usichana, kila mmoja na kapu mgongoni, kamba kwenye kipaji cha uso. Ukungu mzito, nyasi zimelowa, mvuke unawatoka vinywani kama wavuta kiko. Yeye mbele, rafiki nyuma.

Mlima wa kwanza akashangaa. Kapu lililokuwa zito nyumbani lilikuwa jepesi. Kufika tambarare, zito. Mlima mwingine, jepesi tena. Nyinyi wakulima, viazi vya namna hiyo mmewahi kuviona? Akalitua, akalichungulia kama limetoboka. Zima. Akageuka. Mwenzake yuko nyuma kidogo, ameegemea mti, anahema.

"Kapu lako likoje mlimani?"

"Kapu ni kapu, mwenzangu. Linavunja mgongo."

"Langu linapungua."

"Labda viazi vyako vinaogopa baridi, vinajikunyata. Twende, jua halitungoji."

Jambo lile likamkereketa kutwa. Akabadilisha kamba, akahamisha viazi vya chini vikaja juu, hola. Mwisho akapata jibu: ni Mungu, amemrudishia nguvu za ujana. Basi akapanda akiimba, huku anaupanga ushuhuda wake wa Jumapili, pa kulia na pa kunyamaza.

"Wewe shida yako ni imani," akamwambia mwenzake. "Ungekuwa nayo usingehema kama mvukuto wa mhunzi."

Rafiki akakaza kamba yake, wakaendelea.

Wakafika mlima wa mwisho, ule mkali kuliko yote. Ajuza akasema, "Hebu tangulia. Ukiwa nyuma unanichelewesha, kila mara nageuka kukutazama."

"Nitangulie?"

"Tangulia."

"Haya. Umesema mwenyewe."

Hakufika mbali. Kapu lilimvuta kinyumenyume kama mbuzi asiyetaka kwenda mnadani, akakaa matopeni, pu, viazi vikateremka na njia. Rafiki akarudi, akampa mkono kumwinua. Kiganja kile kilikuwa chekundu, kimejichora msuko wa kapu, mstari kwa mstari.

Ajuza akakitazama kiganja. Akalitazama kapu lake, kule kitakoni.

"Kutwa nzima?"

"Milimani tu. Tambarare unajiweza."

"Na kapu lako mwenyewe mgongoni?"

"Sasa ningelipeleka wapi?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ungekubali? Na usinililie hapa. Ungeanguka, ningekubeba wewe pamoja na viazi vyako. Bora kusukuma. Okota, jua linatuchwea."

Wakaokota. Rafiki akarudi nyuma, wakapanda, kapu likafika. Wanawe walipomuuliza habari za safari, aliwaambia, "Kapu limefika. Limefika kwa magoti manne." Na ule ushuhuda wa Jumapili hakuutoa.

Sasa sisi. Sisi tunaosimama hapa mbele, kitambaa cha kufutia machozi tayari mkononi, tukisema Bwana ametutendea. Ametutendea, nani anabisha? Lakini alikusukuma kwa mkono wa nani? Na yule uliyemwambia hana imani, alikuwa anahema kwa ajili ya kapu la nani? Kabla hujaleta ushuhuda wako hapa, pita kwa jirani, mwambie afungue kiganja ukitazame.

Kisha ufungue na chako. Ukikikuta laini, hapa mbele hapakuhusu. Nenda nyuma ya mtu. Mlima upo.