Tawi Bichi Njiani

Sogeeni mbele, ndugu zangu, viti vya mbele haviumi. Leo nina kisa cha vita, nacho si cha kuchekesha.

Kulikuwa na kapteni mmoja wa wapigania uhuru. Msituni kwao vilikuwapo vikosi viwili: chake juu mlimani, kingine bondeni. Kiapo kimoja, adui mmoja, mkoloni. Hata chakula kilikuwa kimoja, maana akina mama wa vijijini waliwafichia viazi vitamu katika shimo karibu na chemchemi. Na walikuwa na desturi iliyowaweka hai. Aliyemwona adui alikata tawi bichi akalilaza katikati ya njia. Ukilikuta, unageuka. Huulizi nani kaliweka. Hata jenerali hakulivuka.

Sasa, huyu kapteni alikuwa na mdogo wake, tumbo moja, katika kikosi cha bondeni. Siku walipoondoka nyumbani, mama yao alimshika mkono yule mkubwa akamwambia, "Mwanangu, wewe nakujua, utarudi. Nirudishie na huyu."

"Nitamrudisha, mama," akaitikia. Na alimpenda yule kijana, msije mkadhani hakumpenda.

Lakini mkuu wa bondeni akapandishwa cheo, akawa meja, yeye akabaki na ukapteni wake. Loo! Wivu ukamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Asubuhi moja, viazi vikiwa haba, akakata tawi akalilaza kwenye njia ya watu wa bondeni ya kwenda chemchemini. Adui hakuwapo, hata wa dawa.

Sajini wake akashtuka. "Afande, tawi hilo ni uhai wa watu!"

"Si wana meja? Wamwombe meja wao awapikie." Wapiganaji wake wakaangua kicheko, na siku hiyo wakala wakashiba. Kule bondeni watu walishinda na njaa, mdogo wake akiwa miongoni mwao. Je, hakuliwaza hilo? Aliliwaza. Akajiambia njaa ya siku moja haiui.

Akarudia. Akarudia tena. Lakini njia ya mwongo ni fupi: watu wa bondeni wakaja kuona maganda ya viazi, na nyayo zinazopanda mlimani. Hawakuja kugombana. Waliacha tu kuliamini tawi.

Ikafika asubuhi moja ya manyunyu. Kapteni na sajini walishuka kuchungulia chemchemi, wakawaona askari wa mkoloni wamelala kwenye magugu, bunduki zao zimeelekea njia ya bondeni. Wakazunguka kwa kunyata hadi kwenye njia ile, kapteni akakata tawi kubwa, kisha la pili, kisha la tatu, akayapanga mwenyewe.

"Afande," sajini akanong'ona, "twende kambini kwao tukawaambie kwa mdomo."

Kapteni akainamisha kichwa. Angeuficha wapi uso wake mbele ya meja yule? "Tawi linatosha," akasema. "Twende tukawalete watu wetu."

Hawajafika nusu ya mlima, wakasikia risasi.

Askari walipokwisha kuondoka, kapteni aliteremka mbio. Akamkuta majeruhi mmoja wa bondeni amekaa kando ya njia, akamshika mabega. "Hamkuyaona matawi?"

"Tuliyaona, Afande. Mdogo wako ndiye aliyetangulia. Aliyasukuma kwa mguu, akacheka, akasema, 'Twendeni bwana, leo kaka kaamka na njaa kubwa.'"

Ndugu zangu, uhuru ulikuja. Bendera ikapandishwa, na kapteni akapewa ule umeja alioutamani. Akarudi kwao. Mama yake alitoka mlangoni, akampokea, na huku akimkumbatia alikuwa akiangalia nyuma yake, njiani, kama kuna mwingine anakuja.

Mnalia? Lieni, lakini tusimlilie yule mama peke yake. Sisi tumelaza matawi mangapi ya uongo? Tumewaambia jirani zetu tunawaombea, na hatukupiga hata goti. Tumewatishia watoto wetu kwa jina la Mungu ili tu wanyamaze tupate usingizi. Nami ninayesema hapa nimo, msinitoe. Kila mara tulijiambia ni jambo dogo, haliui mtu. Basi itakuja siku tutaona mauti kweli yamewalalia njiani wale tunaowapenda, na tutalia, "Msipite huko!" Nao watatujua sauti, watacheka, watapita.

Yule kapteni alikuwa na nafasi moja bado: kwenda kwa miguu yake, kusema, "Nilidanganya, lakini leo ni kweli." Aibu ikamzuia. Ndugu, nawe unayemjua wa kumwendea, usingoje nimalize sala. Inuka uende.