Amina ya Mwisho

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi maana miaka ya njaa imekuwa mingi, palikuwa na kijiji kiitwacho Kwemzinga. Mwaka huo mvua iligoma. Mbegu ya mahindi ya kijiji kizima ikatiwa katika mtungi mmoja, ukawekwa darini kwa Mwalimu Mhina, aliyewasomesha watoto Kurani. Aliyeigusa mbegu ile kabla ya mvua alihesabiwa kuwa amewala watu wote.

Basi mwanamke mmoja, Mwanamvua, akajifungua mwaka huohuo. Siku ya tisa maziwa yakakauka. Mtoto alilia mpaka sauti ikamwishia, akabaki kufungua kinywa tu. Jioni mumewe, Kihiyo, akaja na unga kidogo ndani ya kitambaa. Hakusema umetoka wapi. Bi Chausiku, mama yake Kihiyo, akakoroga uji, naye hakuuliza. Mwanamvua akanywa bakuli tatu. Alijua. Nani asingejua, unga mwaka ule? Maziwa yakarudi.

Ijumaa Mwalimu akaushusha mtungi, akaukuta nusu.

Desturi ya Kwemzinga ilikuwa hivi. Watu wazima wote hukaa duara, husomwa dua ya kumwapiza mwizi, kisha kila mtu kwa zamu yake hutamka "Amina" na kujipangusa uso. Atakayenyamaza ndiye mwizi. Amina ya mwisho ndiyo inayofunga. Ikishatoka, dua imekwenda.

Mwanamvua alichelewa kwa kunyonyesha. Akakuta imebaki nafasi moja, ya mwisho. Akaketi hapo.

"Ee Mola," akasoma Mwalimu Mhina, "mkono ulioichukua mbegu yetu ukauke, kuanzia kidoleni mpaka moyoni."

"Amina," akasema jirani. "Amina," akasema mhunzi, kwa hasira ya tumbo tupu. Bi Chausiku akaitoa yake kwa sauti kuliko wote, watu wasije wakamtazama mwanawe. Kihiyo naye akasema Amina juu ya mkono wake mwenyewe, kijasho kikimtoka. Kisha macho yote yakamgeukia Mwanamvua. Akinyamaza, watamkamata yeye na nyumba yake yote. Akisema, anamfungia mumewe. Mtoto akajinyonganyonga mgongoni.

"Amina," akasema.

Siku ya tatu kidole cha Kihiyo kikafa ganzi. Siku ya tano kiganja kikanyauka, kikawa cheusi. Siku ya saba mvua ikanyesha, wenzake wakashika majembe, yeye hata kikombe kilimshinda. Sasa kila mtu akajua mwizi ni nani. Kila asubuhi Mwanamvua alimfunga uzi pale ganzi ilipoishia: kwenye kiwiko, juu ya kiwiko, karibu na bega. Alijua unakoelekea.

Kijiji kikaitana tena. Njia ya kuifungua dua ile ilikuwa moja tu. Mtu mmoja asimame aseme, "Amina yangu naimeza," na kile kilichoombwa kimhamie yeye. Lakini sharti awe yule ambaye Amina yake ndiyo iliyoibeba dua. Akisimama asiyestahili, hukauka wote wawili.

"Niacheni," akasema Kihiyo. "Niliiba mimi, nikajiapiza mimi. Msitafute mwingine."

"Wewe nyamaza, mwanangu," akasema Bi Chausiku. "Yangu ndiyo iliyopaa juu. Nilimpigia kelele mtoto wa tumbo langu kwa kuogopa macho ya majirani. Nipeni mimi."

Mwalimu Mhina akakohoa. "Mama, dua niliisoma mimi. Na siku ile nilimwona Kihiyo akishuka kutoka darini kwangu. Nikanyamaza, nikiogopa mtasema tumekula pamoja. Nilisoma nikijua namsomea nani. Ila nikikauka, watoto wenu atawasomesha nani?"

"Uji niliunywa mimi," akasema Mwanamvua. "Kufunga nilifunga mimi. Wenzangu wote walishasema, na bado ningeweza kunyamaza, lakini niliogopa. Haya, nikikauka, huyu atanyonya wapi?"

"Na sisi je?" akauliza mhunzi. "Tulisema Amina hata hatujui tunamwapiza nani."

Kila mtu alikuwa ameificha mikono yake kwapani.

Ganzi ikapita bega la Kihiyo, ikaanza kushuka kifuani. Alifungua kinywa kama anayetaka maji. Mwanamvua akamfungua mtoto mgongoni, akampa jirani ampakate, akainuka. Bi Chausiku akainuka. Mwalimu akainuka nusu, akakaa, akainuka tena. Watatu wamesimama, anatakiwa mmoja, na wakati umekwisha.

Haya, nyie mnaonisikiliza, msinikwepe kwa macho. Kihiyo anakata roho hapo mbele yenu. Je, nani alistahili kuimeza Amina yake?