Kiboko Ashika Mlango wa Mwali

Paukwa!

— Pakawa!

Nyinyi wa nyuma mnatafuna karanga au mnasikiliza? Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya, palikuwa na gari. Gari moja tu nchi nzima ya wanyama, na mwenyewe alikuwa Kiboko. Mdomo mpana, tumbo pana, na tamaa pana kuliko vyote viwili.

Gari lenyewe alilikodisha, na bei aliitangaza kwa sauti tamu: "Debe moja tu la mahindi! Debe moja, unafika!" Ukishapanda, ndipo mambo yanapoanza. Tembo alilipishwa ada ya uzito. Swala alilipishwa ada ya pembe, eti zimekwaruza paa la gari. Wakilalamika, Kiboko hujibu lilelile: "Hukuuliza, sikusema."

Sasa Bi Nguchiro, yule mdogo wa mkia mrefu na macho yasiyotulia, alikuwa anaoza binti yake, Mwanakheri. Kwa bwana harusi ni ng'ambo ya kilima, na mwali keshapakwa hina mpaka nyayo. Kwao, mwali wa hina hakanyagi vumbi. Tena jua likizama hajafika, wakwe huhesabu wametukanwa, na ndoa huvunjika papo hapo.

Na lilikuwepo jambo jingine la kumuumiza. Kwao, mwali anapofika, mjomba wake ndiye hushika mlango, hafungui mpaka wakwe wamvishe kilemba. Mjomba wa Mwanakheri alikwisha kumezwa na chatu zamani. Masikini Bi Nguchiro akalia kidogo, akafuta macho, akaenda kwa Kiboko.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba, mama. Debe moja tu! Debe moja, unafika!"

Gari likaja mpaka mlangoni, mwali akabebwa, mama na binti wakapanda. Gari ngurr-ngurr, ngurr-ngurr. Wakapita kidimbwi, chwaa!

"Debe la matope," akasema Kiboko.

"Mbona hukuniambia, mzee?"

"Hukuuliza, sikusema."

Ngurr-ngurr, ngurr-ngurr. Mwanakheri akaona joto, akafungua dirisha kidogo.

"Debe la upepo."

"Hata upepo, mzee?"

"Si umeingia kwenye gari langu? Hukuuliza, sikusema."

Ngurr-ngurr, wakapanda kilima. "Debe la kupanda." Ngurr-ngurr, wakateremka. "Na debe la kushuka." Bi Nguchiro akahesabu madebe kwa vidole. Ghala lake zima halikuwa na mahindi ya kutosha.

Wakafika. Ngoma inalia, ti-ndi! ti-ndi! Wageni wamejaa, Tembo yupo, Swala yupo, na jua limekaribia kugusa miti. Bi Nguchiro akashuka. Kiboko naye akashuka, akafunga milango, kacha! Mwali kabaki ndani.

"Mwali hashuki," akasema, "mpaka nilipwe madebe yangu yote. Kama huna, nachukua ghala lako na shimo unalolala."

Mwanakheri ndani analia, kwi-kwi-kwi. Jua linashuka. Bi Nguchiro akageuka. Akamtazama yule jitu, kaegemea gari, mkono kwenye kitasa. Akamtazama tena. Ghafla kicheko kikampanda, akakimeza.

"Sawa kabisa, mzee wangu. Shika hapohapo, usiachie. Hawa wakwe wana mali, na anayeshika mlango hupewa kitu."

"Hupewa kitu?" Mate ya Kiboko, do! do! do!

"Tena mbele za watu. Wakija, wewe sema hufungui mpaka upewe."

Kiboko akaubana mlango kwa tumbo lote.

Mama wa bwana harusi akaja na wenzake, wakasimama.

"Nani kashika mlango?"

"Mimi!"

"Unataka nini?"

"Nataka changu!"

"Ukipewa, utafungua?"

"Nikipewa nafungua, nisipopewa tutakesha hapa!"

Lililililiii! Vigelegele! Mjomba gani tena angesema vizuri kuliko hivyo? Wakamletea kilemba cheupe, kirefu, wakamzungushia kichwani mpaka masikio yakazama. Wakamletea na sinia la halua. Kiboko akafuta halua kwa ulimi mmoja, akafungua mlango, kacha! Mwanakheri akashuka juu ya mkeka, hina haijaonja vumbi, na jua bado linachungulia. Bi Nguchiro akaruka juu kwa furaha, akaruka tena.

"Haya," akasema Kiboko, "sasa madebe yangu."

"Madebe gani, kaka?"

"Kaka?"

"Umeshika mlango, umevaa kilemba, halua umekula. Wewe ndiye mjomba wa mwanangu, na watu wote wameshuhudia. Mjomba gani anamlipisha mpwa wake upepo?"

Wageni wakaangua kicheko. Kiboko akavimba.

"Basi naondoka na gari langu!"

"Gari gani? Mjomba akishavaa kilemba, kilichomleta mwali kinabaki na mwali. Ndiyo zawadi ya mjomba. Kikiwa machela, machela. Kikiwa punda, punda."

"Hukuniambia!"

Bi Nguchiro hakupata hata nafasi ya kujibu. Wageni wote, wakubwa kwa wadogo, wakamjibia kwa sauti moja:

"Hukuuliza, hatukusema!"

Tembo akaja polepole, akaegemea gari mbele, gari likalia kwii. "Nipime uzito, mjomba," akasema.

Kiboko akatimua mbio, gudu-gudu-gudu, kilemba kinapepea, mpaka mtoni, chubwi! Ndiyo maana hadi leo anashinda majini, katoa masikio tu. Anasikiliza honi yake inavyopita, pii pii! Dereva ni Bi Nguchiro. Debe moja, matope bure, upepo bure.

Basi ngano hii yatufundisha nini? Yatufundisha kwamba ujanja ni tabia mbaya mno, na kwamba msafiri mwenye adabu hulipa kila anachodaiwa, hafungui mdomo. Shikeni hilo. Mnacheka nini?

Hapo ngano yangu imezima injini. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe. Na nyinyi wa nyuma, leteni hizo karanga, ndiyo ada ya kusikiliza.

— Ada? Mbona hukutuambia?

Mliniuliza?