Sili za Fisi Ndani ya Supu

Hapo zamani za kale, kabla fisi hajajifunza kucheka peke yake gizani, wanyama walikuwa na nyumba, wake, magari na midomo mirefu kama yenu. Riziki, mjukuu wangu, toa kidole puani usikilize.

Pimbi aliishi na mkewe na watoto juu ya mlima wa mawe usio na tone la maji. Alikuwa na pikapu kuukuu ya kuchotea maji bondeni. Injini yake haikuwa ya pistoni za kupanda na kushuka. Ndani mlikuwa na pande la chuma lenye pembe tatu, likizunguka, vuruu, vuruu, kama mtu anayetafuta kiatu chake. Na katikati ya njia ya moto na njia ya maji ya kupozea palikuwa na mipira myembamba ya kuziba, ndiyo sili.

Sili zikaoza. Maji yakaingia kwenye moto. Moshi mweupe puuu! Kila mwinuko Pimbi anasimama, anamimina debe jingine kwenye rejeta. Akifika nyumbani, madebe matupu.

"Baba watoto," mkewe akamwambia, "hilo gari linakunywa kuliko wanao. Leo wamelamba mawe. Kesho niwaogeshe kwa mate?"

Pimbi akaifungua injini, akateremka kwa Fisi mwenye duka la spea. Sili za kiwanda kilichounda injini ile zilishakwisha zamani. Zilibaki za waigaji, nzuri na mbovu, zote zimefungwa vizuri kama zawadi. Na huwezi kuzionja, maana mlangoni Fisi aliandika: UKICHANA PAKITI UMENUNUA.

Ngiri alinunua pale, injini ikafa, Fisi akaja kuibeba kama chuma chakavu. Biashara yake ndiyo hiyo: anakuuzia ugonjwa, kisha anafuata maiti. Pimbi akikosea, gari linakwenda kwa Fisi na watoto wanabaki na mawe yao.

"Hodi, Mzee Fisi!"

"Karibu, shemeji!" Fisi alimwita kila mteja shemeji, hata wale ambao dada zao alishawatafuna.

"Nataka sili za maji."

Fisi akatupa pakiti tatu mezani. Nyekundu, zinang'aa. Nyeusi, zina nyota za dhahabu. Na za kahawia, pakiti imejaa vumbi.

"Chukua nyekundu. Naapa kwa meno yangu, orijino!"

"Na nyeusi?"

"Orijino zaidi!"

"Na hizi za kahawia?"

"Orijino pia, ila zimekosa sura."

Pembeni, juu ya jiko, sufuria ya makongoro ilikuwa ikitokota, tokotoko, mafuta yanaelea. Nyati, aliyekuja kununua plagi, alikuwa amejibanza kona ya mbali. Hakutaka kuuliza miguu ile ni ya nani.

Pimbi akaguna. "Mh! Wanasema ng'ambo ya bonde kuna Kicheche. Sili zake anazichemsha kwenye supu ya mafuta mbele ya wateja, zinatoka kama zilivyoingia. Lakini wewe, mzee wangu, usijaribu. Utaaibika bure."

Uongo mtupu. Hakukuwa na Kicheche wala duka lake.

"Nani aaibike? Mimi?" Fisi akafura shingo. Chwa! Chwa! Chwa! Akachana pakiti zote kwa meno, akatumbukiza sili kwenye supu, akafunika. "Haya, tungoje!"

Wakangoja. Pimbi akamuuliza habari za mke, za mama mkwe, za jino bovu la mama mkwe. Harufu ikapanda. Mate yakamtoka Fisi, chururu.

Pimbi akafunua. Nyekundu zimevimba, zinateleza. Nyeusi zimelegea, zimejikunja. Za kahawia ziko vilevile, nyembamba, ngumu, hazijabadilika hata kidogo. Pimbi akaziopoa kwa kijiti, akazitia kapuni mwake.

"Mzee! Utumbo umeiva!"

"Utumbo?" Fisi hakuuliza nani aliutia. Mlafi haulizi. Akateka, akabugia. Nyam, nyam. Nya... tu. Nyatu.

"Mbona mgumu?"

"Orijino huo, mzee. Tafuna!"

Nyati akacheka mpaka pembe zikatoboa dari. Hapo ndipo Fisi alipokumbuka, na meno yalishagandana.

"Mwi... zi! Li... pa pa... kiti!"

"Nani kachana?" akauliza Pimbi.

Nyati akageukia mlango, akasoma polepole: "Ukichana pakiti umenunua. Mzee, umejinunulia mwenyewe!"

"Na haya mabaki ya mlo wako," Pimbi akasema, akipiga kapu lake, "nakusaidia tu kutupa." Akatoka mbio.

Akaosha mafuta, akazipanga sili kwenye mifereji yake, akaifunga injini. Vuruuuu! Moshi mweupe haukutoka hata kidogo. Madebe yakapanda mlima yamejaa, na watoto wakaogeshwa huku wanapiga kelele kama wanachinjwa.

Pikapu ilipopita mbele ya duka, Fisi alikuwa bado anatafuna. Mnaposikia anacheka gizani, hacheki. Anajaribu kutema.

Basi, wajukuu: muuzaji akiapia mali yake, mwambie aionje yeye kwanza.